Kusomea Sheria kwa Lugha Moja, Kuamua kwa Nyingine: Historia ya Elimu ya Sheria nchini Rwanda na Funzo Lake kwa Mwanafunzi Mtarajiwa

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya elimu ya sheria nchini Rwanda kwa kuzingatia lugha zilizotumika kuifundisha, tangu utawala wa kikoloni hadi leo. Hoja yake kuu ni kwamba tangu sheria ilipoanza kufundishwa chuoni, lugha ya darasa haijawahi kuwa lugha ya mdaawa wa kawaida anayesimama mbele ya hakimu. Pengo hilo limebadilika sura mara kadhaa, kutoka Kifaransa hadi Kiingereza, lakini halijazibwa. Anayelibeba kwanza ni mwanafunzi, na anayelipia mwishowe ni mwananchi. Makala inaonesha kwamba kijana wa Kigali anayetaka kusomea sheria anahitaji kuelezwa historia hiyo mapema, sawa na anavyoelezwa ada na masharti ya udahili. Inapendekeza pia kwamba istilahi za sheria katika Kinyarwanda na Kiswahili zifundishwe kama sehemu ya taaluma yenyewe.

Maneno makuu: elimu ya sheria, lugha ya mahakama, istilahi, Rwanda, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kijana anayemaliza shule ya sekondari mjini Kigali na kutamani kusomea sheria huuliza maswali yanayoeleweka: alama zinazotakiwa, kiasi cha ada, muda wa masomo, na kazi zinazomngoja mhitimu. Washauri wa wanafunzi huyajibu kadiri wanavyoweza. Lipo swali jingine ambalo si kawaida kuwamo katika orodha hiyo: sheria itasomwa kwa lugha gani, na itatumiwa kwa lugha gani?

Swali hilo lina uzito wa pekee nchini Rwanda. Nchi hii ina lugha nne rasmi: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili. Mfumo wake wa sheria umetokana na Ubelgiji, kisha ukachukua mengi kutoka katika mfumo wa Kiingereza. Wananchi wake walio wengi mno wanazungumza Kinyarwanda, na ndiyo lugha inayosikika zaidi katika mahakama zake. Chuo kikuu, kwa upande wake, kinafundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayeingia bila kuujua mpangilio huu hudhani kwamba amechagua somo moja, kumbe amechagua pia kazi ya kudumu ya kutafsiri.

Makala hii haikusudii kumvunja moyo mwanafunzi huyo, wala kuhukumu sera ya lugha ya nchi. Inakusudia kueleza jinsi hali ya sasa ilivyofikiwa, kwa kuwa sera njema ya elimu ya sheria haiwezi kujengwa bila kujua ni nani alifundishwa, kwa lugha gani, na ili amhudumie nani.

2.0 Hukumu kabla ya shule ya sheria

Rwanda ilikuwa na hukumu kabla ya kuwa na shule ya sheria. Migogoro ya mashamba, mifugo, mirathi na ndoa ilisikilizwa na wazee pamoja na majirani waliokutana mahali pa wazi, katika baraza lililojulikana kama gacaca. Mashauri mazito yalipanda kwa machifu na hatimaye kwa mwami. Mwamuzi alielimika kwa kuhudhuria: alisikiliza, akakumbuka, na siku moja akaombwa kusema. Lugha ya kosa, ya ushahidi na ya uamuzi ilikuwa moja.

Msamiati wa kipindi hicho ungali hai. Shauri ni urubanza. Kuamua shauri ni guca urubanza, yaani kulikata. Na mwamuzi ni umucamanza, mkataji wa mashauri. Msemaji wa Kiswahili husikia humo undugu wa karibu, kwa sababu naye husema kukata shauri kwa maana ya kuamua. Hata hivyo undugu huo unaweza kupotosha. Kiswahili husema pia kukata rufaa, na hapo anayekata si hakimu bali ni mdaawa asiyeridhika. Kinyarwanda kwa tendo hilo hutumia kujurira. Dhana moja ya kukata imegawa kazi kwa namna tofauti katika lugha mbili jirani. Mfano huu mdogo unadokeza kwamba ukaribu wa lugha hauondoi haja ya mafunzo.

Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani. Wajerumani walikitumia Kiswahili kuwasiliana na askari, makarani na wafanyabiashara, na jamii ya wazungumzaji wake ikajikita katika maeneo ambayo leo ni Biryogo na Nyamirambo, ambako msikiti wa kwanza wa nchi ulijengwa mwaka 1913. Kiswahili, basi, kilikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo za utawala wa mji huo, ingawa hakikuwahi kuwa lugha ya elimu ya sheria.

Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916, uzito ulihamia kwenye Kifaransa. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1925 iliiunganisha Ruanda-Urundi kiutawala na Kongo, na amri nyingi zilizotungwa kwa ajili ya Kongo zikaanza kutumika Rwanda pia. Mfano ulio dhahiri ni amri ya mwaka 1888 kuhusu mikataba. Ilitungwa kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, nayo ikaendelea kutawala mikataba ya Wanyarwanda hadi karne ya ishirini na moja. Wakati huohuo mahakama za wenyeji, zilizopangwa upya kwa amri ya mwaka 1943, ziliendelea kuamua kwa mila chini ya machifu na usimamizi wa maofisa wa kizungu.

Matokeo yake yalikuwa ngazi mbili za haki. Ngazi ya juu iliandikwa kwa Kifaransa na kuendeshwa na watu waliosoma Ulaya. Ngazi ya chini ilisemwa kwa Kinyarwanda na kuendeshwa na watu ambao hawakupewa nafasi ya kuisoma sheria popote. Shule maarufu ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Mabruda wa Upendo, ilitoa makarani, wasaidizi wa tiba, wa mifugo na wa kilimo, pamoja na vijana walioandaliwa kuwa machifu. Haikuwa shule ya mawakili. Dhana kwamba sheria halisi huandikwa kwa lugha ya kigeni, na kwamba Kinyarwanda ni lugha ya kusuluhishia tu, ilianza hapo.

3.0 Kifaransa na chuo kikuu cha kwanza

Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, Kinyarwanda na Kifaransa vilikuwa lugha rasmi. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilifunguliwa Butare chini ya Padri Georges-Henri Lévesque, Mdominiko kutoka Kanada. Kilianza na vitengo vitatu: tiba, sayansi za jamii, na mafunzo ya ualimu. Sheria haikuwamo, iliingia baadaye. Mpangilio huo unaeleweka, kwani nchi changa ilihitaji waganga na walimu kwanza. Ukilinganishwa na wa Dar es Salaam, hata hivyo, unaonesha njia mbili tofauti. Chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilianza na kitivo cha sheria peke yake, na kitivo hicho kikawahudumia wanafunzi wa Tanganyika, Kenya na Uganda kwa pamoja. Rwanda haikuwa sehemu ya mpango huo. Majirani hao walirithi sheria na lugha ya Uingereza. Rwanda ilirithi za Ubelgiji.

Elimu ya sheria iliyojengwa nchini ilifuata desturi ya Kibelgiji na Kifaransa. Mwanafunzi alifundishwa kuanza na kifungu kilichoandikwa, kutafuta maelezo ya wanazuoni, kisha kutazama jinsi mahakama zilivyokitumia. Alifanya hayo yote kwa Kifaransa. Alipotoka chuoni na kuingia mahakamani alikutana na mkulima aliyesema Kinyarwanda, na papo hapo akalazimika kuvuka mto ambao mtaala haukumwekea daraja. Zaidi ya hayo, waliopata fursa ya kusoma sheria walikuwa wachache. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, majaji wengi nchini hawakuwa na shahada ya sheria.

4.0 Mwaka 1994 na kuanza upya

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliacha mahakama bila watu. Takwimu zinazonukuliwa mara nyingi zinasema kwamba kati ya majaji wapatao 750 waliokuwapo, 244 ndio waliobaki hai. Kwa upande mwingine, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza yalikuwa yamewafunga watuhumiwa zaidi ya 120,000. Hapakuwa na chuo popote duniani ambacho kingeweza kutoa wanasheria wa kutosha kwa mashauri hayo katika muda unaokubalika.

Hatua zilizochukuliwa zinaonesha ukubwa wa upungufu huo. Majaji na wapelelezi wapya walipewa mafunzo ya miezi michache na kupelekwa kazini. Sheria ya kuendesha mashtaka ya mauaji ya kimbari ilitolewa tarehe 30 Agosti 1996, na kesi za kwanza zikaanza kusikilizwa Desemba ya mwaka huohuo. Chama cha mawakili kiliundwa kwa sheria ya tarehe 19 Machi 1997, na kilizinduliwa kikiwa na wanachama 37. Kwa kuwa mawakili hao hawakutosha, shirika la Avocats Sans Frontières lilileta mawakili wa kigeni, ambao wengi wao walihitaji wakalimani ili kuzungumza na watu waliokuwa wakiwatetea.

Mwaka 2001 ilitungwa sheria iliyoirudisha gacaca kwa sura mpya. Waamuzi wake, walioitwa inyangamugayo, walichaguliwa na majirani zao kwa uadilifu, si kwa shahada. Walipewa mafunzo mafupi, na kazi yao yote ilifanyika kwa Kinyarwanda. Mahakama hizo zilipofungwa rasmi mwezi Juni 2012, zilikuwa zimeshughulikia mashauri yanayokaribia milioni mbili. Yapo mengi ya kujadili kuhusu ubora wa hukumu hizo na haki za washtakiwa, na mjadala huo unaendelea. Kwa mtafiti wa lugha, jambo moja halina ubishi: sehemu kubwa kabisa ya kazi ya kuamua katika historia ya nchi ilifanywa na watu ambao hawakusomea sheria, kwa lugha ambayo chuo hakikuitumia kuifundishia.

Kipindi hichohicho ndicho kilichozaa vyuo binafsi vya Kigali. Chuo Kikuu Huru cha Kigali, kinachojulikana kwa kifupi cha ULK, kilianzishwa mwaka 1996, na taasisi ya Waadventista walei ambayo leo ni UNILAK ilifuata mwaka 1997. Masomo ya jioni yaliwawezesha watumishi wa umma, walimu na makarani kusomea sheria bila kuacha kazi. Kwa mara ya kwanza elimu ya sheria iliwafikia watu ambao hawakuweza kuhamia Butare.

Wanafunzi wenyewe nao walikuwa wamebadilika. Waliorejea kutoka Burundi na Zaire walikuwa wamesoma kwa Kifaransa. Waliorejea kutoka Uganda, Kenya na Tanzania walikuwa wamesoma kwa Kiingereza, na baadhi yao walikimudu Kiswahili kuliko lugha nyingine yoyote. Mwaka 1996 Kiingereza kiliongezwa katika lugha rasmi, na Katiba ya mwaka 2003 ikathibitisha lugha tatu. Chuo kikuu cha Butare kiliwataka wanafunzi wajifunze lugha ya pili ya kufundishia. Vijana wawili wangeweza kuketi dawati moja huku kila mmoja akihitaji msaada wa mwenzake ili kuuelewa mhadhara wa siku hiyo.

5.0 Arusha: maneno yanapopimwa kama ushahidi

Wakati Kigali ikiwafundisha majaji wapya, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994, ilikuwa ikifanya kazi Arusha. Lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, lakini mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda. Ushahidi wao ulipitia kwa wakalimani kabla ya kuwafikia majaji.

Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa burugumesta wa Taba, ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998. Inakumbukwa kwa kuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na kwa kutambua kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Ndani yake mna jambo ambalo wanafunzi wa sheria hawapaswi kulipita haraka. Majaji walitenga sehemu ya hukumu ili kueleza maneno. Walimsikiliza mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, kuhusu maana za inyenzi, ibyitso na maneno mengine kama yalivyotumika katika mazingira ya wakati ule. Walieleza pia maneno ya Kinyarwanda ambayo mashahidi waliyatumia kusimulia ubakaji: gusambanya, kurungora, kuryamana na gufata ku ngufu. Baadhi ya maneno hayo, yakitolewa katika muktadha wake, yanaweza kumaanisha tendo lisilo la kulazimishwa. Mwanamke aliyechagua neno la staha mbele ya wageni angeweza kufasiriwa kana kwamba hakulalamika.

Hapa ndipo uzito wa suala hili unapoonekana wazi. Ufasiri wa neno moja ungeweza kuamua kama tendo ni kosa au si kosa. Mwanasheria aliyejifunza istilahi za jinai kwa Kiingereza au Kifaransa peke yake angeijua tafsiri ya ubakaji ilivyoandikwa kitabuni, lakini asingejua jinsi bibi wa Taba anavyoitamka aibu yake. Ujuzi huo ni sehemu ya kuupima ushahidi, na kwa hiyo ni sehemu ya taaluma ya sheria.

6.0 Kuelekea Kiingereza

Kati ya mwaka 2004 na 2013 elimu ya sheria ilibadilika kwa kasi. Mageuzi ya mahakama ya mwaka 2004 yalifanya shahada ya sheria kuwa sharti la kuwa jaji. Mwaka 2006 ilitungwa sheria ya kuanzisha Taasisi ya Utendaji na Maendeleo ya Sheria, ILPD, yenye makao Nyanza, ili wahitimu wa vyuo wapate mafunzo ya vitendo kabla ya kuingia katika kazi za mahakama na uwakili. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007 na Jumuiya ya Madola mwezi Novemba 2009. Katikati ya matukio hayo mawili, Oktoba 2008, serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia.

Kubadili lugha ya kufundishia sheria si sawa na kubadili lugha ya kufundishia hisabati. Pembetatu hubaki pembetatu, lakini dhana ya sheria hubeba mfumo mzima mgongoni. Kwa Kifaransa, neno jurisprudence lina maana ya mkusanyiko wa maamuzi ya mahakama. Kwa Kiingereza, neno lenye tahajia ileile humaanisha falsafa ya sheria. Kwa Kifaransa, magistrat ni jaji na pia mwendesha mashtaka. Kwa Kiingereza, neno linalofanana nalo humtaja mwamuzi wa mahakama ya chini tu. Mhadhiri aliyesoma Louvain na mwanafunzi aliyesoma Kampala wangeweza kuyatamka maneno haya siku nzima bila kukutana.

Sheria zenyewe nazo zilikuwa zikihama. Sheria ya mikataba ya mwaka 2011 iliiondoa ile amri ya mwaka 1888 na kuleta mawazo mengi kutoka katika mfumo wa Kiingereza. Hukumu za Mahakama ya Juu zilipewa nguvu ya kuzifunga mahakama za chini, jambo ambalo desturi ya Kibelgiji haikulitilia mkazo wa namna hiyo. Mwaka 2013 vyuo vya umma viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwaka 2018 ilitolewa sheria mpya ya makosa na adhabu, na mwezi Agosti 2019 sheria nyingine ikafuta kwa pamoja sheria zote zilizotungwa kabla ya uhuru. Mwanafunzi wa leo anasoma mfumo mseto ambao vitabu vyake vya rejea, vikiwa vya Kifaransa au vya Kiingereza, kila kimoja kinaueleza nusu tu.

7.0 Lugha ya kifungu cha mwisho

Anayetaka kuiona hali hii kwa macho yake na afungue Gazeti la Serikali ya Rwanda. Sheria huchapishwa humo kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, safu kwa safu. Karibu na mwisho wa sheria nyingi kuna kifungu kifupi kinachotaja lugha ambayo sheria iliandaliwa, na lugha ambayo ilijadiliwa na kupitishwa. Aghalabu kifungu hicho husema kwamba sheria iliandaliwa kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, ikajadiliwa na kupitishwa kwa Kinyarwanda. Kanuni ni kwamba matini zikihitilafiana, lugha iliyotumika kupitisha sheria ndiyo inayotawala.

Maana yake kwa mwanafunzi ni nzito. Atahudhuria mihadhara kwa Kiingereza, ataandika mitihani kwa Kiingereza, na huenda akainukuu safu ya Kiingereza kwa miaka yote ya masomo. Siku ya shauri lenye utata, wakili wa upande wa pili atanyoosha kidole kwenye safu ya Kinyarwanda, na hapo ndipo hoja itakapoamuliwa. Kinyarwanda ambacho mwanafunzi alikidhania kuwa lugha ya nyumbani ndicho lugha ya mwisho ya sheria. Ufasaha wa nyumbani, hata hivyo, hautoshi. Kutofautisha maneno ya kisheria yanayokaribiana, kuandika hati ya madai kwa usahihi, na kumhoji shahidi bila kumchanganya ni ujuzi unaohitaji mazoezi ya darasani kama ilivyo kwa lugha yoyote ya taaluma.

8.0 Kiswahili: hadhi mpya, kazi mpya

Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi kwa sheria mahususi ya tarehe 20 Aprili 2017. Hatua hiyo ilitimiza dhamira ya nchi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mkataba wake unaagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Haikuongeza safu ya nne katika Gazeti la Serikali, wala haikukifanya lugha ya kufundishia sheria. Je, mwanafunzi wa sheria wa Kigali ana sababu ya kukijali?

Tanzania inatoa jibu lenye pande mbili. Upande wa kwanza ni wa matumaini. Mahakama za mwanzo nchini humo zimetumia Kiswahili kwa miongo mingi, na juhudi za kukusanya istilahi zilianza mapema, A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, alichapisha orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili mwaka 1968. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanasheria wa Kigali mwenye mteja anayefanya biashara Dar es Salaam, au dereva wa lori aliyekamatwa Rusumo, atakutana na hati za Kiswahili, na hataweza kuziacha kwa mkalimani peke yake.

Upande wa pili ni wa tahadhari. Lugha ya mahakama ilibadilika kisheria huku vyuo vikiendelea kufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo pengo linalojulikana Rwanda sasa linaonekana Tanzania pia. Mwaka 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalionesha kwamba watahiniwa 26 tu kati ya 633 walikuwa wamefaulu moja kwa moja. Serikali iliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe, na uwezo wa lugha ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa sana. Wahitimu hao walikuwa wamekwisha kulipa ada za miaka ya chuo kabla ya kugundua walichopungukiwa.

Istilahi nazo hazijatulia katika ukanda. Nchini Tanzania hakimu ni mwamuzi wa mahakama za chini na jaji ni wa Mahakama Kuu kwenda juu. Mzungumzaji wa Kigali au Bujumbura hutumia hakimu kwa wote. Kenya hutumia Mahakama ya Juu na pia Mahakama ya Upeo kwa taasisi ileile moja. Rufaa na rufani huishi pamoja. Tofauti hizi si kasoro ya lugha, bali ni kazi inayowangoja wanaleksikografia na wanasheria wakiwa pamoja, na ni nafasi ya utafiti kwa mwanafunzi wa sheria mwenye moyo wa lugha.

9.0 Anachopaswa kuambiwa mwanafunzi mtarajiwa

Kutokana na historia hii, yapo mambo manne ambayo mwanafunzi mtarajiwa anapaswa kuelezwa kabla ya kujaza fomu ya udahili.

La kwanza, shahada si mwisho wa safari. Anayetaka kuwa wakili au jaji ana mafunzo ya vitendo mbele yake, na bajeti ya familia ihesabu miaka hiyo pia.

La pili, Kiingereza cha shule ya sekondari hakitoshi kusomea sheria. Usomaji wa hukumu ndefu na uandishi wa hoja ni stadi za kujifunza, na ni afadhali zianze kabla ya mwaka wa kwanza. Kifaransa nacho hakijafa: sehemu kubwa ya hukumu na maandishi ya kitaaluma ya kabla ya mageuzi imo katika lugha hiyo, na asiyeisoma atategemea muhtasari wa wengine.

La tatu, Kinyarwanda ni chombo cha kazi. Mwanafunzi ajizoeze kusoma kila kifungu katika safu ya Kinyarwanda sambamba na ya Kiingereza tangu siku ya kwanza, aandike tofauti anazoziona, na aulize.

La nne, Kiswahili ni mtaji wa ukanda. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha huendeshwa kwa Kiingereza, lakini watu wanaovuka mipaka, ambao migogoro yao ndiyo inayozaa kesi, wengi wao huafikiana na kukosana kwa Kiswahili.

10.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya elimu ya sheria nchini Rwanda imekuwa ya kuhama lugha bila kuhamisha kikamilifu maarifa yaliyomo ndani yake. Kila uhamisho ulikuwa na sababu zake, na baadhi ya sababu hizo zilitokana na maafa ambayo hakuna mpanga mitaala aliyeweza kuyatarajia. Hata hivyo, kwa kila uhamisho mtu yuleyule aliachwa nje ya mlango: mdaawa asiyejua lugha ya kitabu.

Makala hii inapendekeza mambo matatu. Mosi, vyuo vya sheria vya Kigali na vya nchi nzima viwe na somo la lazima la istilahi na uandishi wa kisheria katika Kinyarwanda, litakalofundishwa kwa ushirikiano wa wanasheria na wanaisimu. Pili, Kiswahili cha sheria kitolewe kama somo la hiari, kwa kutumia hati halisi za mahakama za Tanzania na Kenya, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isaidie kusanifu istilahi zinazogongana. Tatu, taarifa za udahili zieleze wazi lugha ya kufundishia, lugha ya mitihani, na lugha ambazo mhitimu atazihitaji kazini.

Pendekezo la tatu ndilo lenye gharama ndogo kuliko yote, kwa kuwa linahitaji ukurasa mmoja tu wa maelezo. Kijana atakayeusoma ukurasa huo na bado akachagua sheria atakuwa amechagua akijua, na mwananchi atakayemkuta mahakamani baada ya miaka sita au saba atasikilizwa na mtu aliyejiandaa kumwelewa.